Skana za madukani: Mwenye macho aambiwe asitazame

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwaeleze wasomaji wenzangu jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka 2022. Najua nafasi ni finyu na wenye haja ni wengi, lakini naamini jambo lenyewe linawagusa vijana wetu wengi wanaoshinda kwenye kaunta za maduka makubwa, maduka ya dawa na maghala, pamoja na wazazi wao waliopo nyumbani.

Jambo hilo ni skana, yaani kile chombo cha mkononi chenye umbo kama la bastola, ambacho keshia hukielekeza kwenye ile mistari myeusi na myeupe iliyochapwa juu ya pakiti ya sabuni au ya majani ya chai, kikalia mara moja na bei ikatokea. Mistari hiyo ndiyo iitwayo msimbopau. Skana nyingi za aina hiyo husoma kwa mwanga mwekundu wa leza, na ni mwanga huo ninaotaka kuuzungumzia, kwa sababu nimeona kwa macho yangu watu wakiuogopa pasipotakiwa na wakiuchezea pale ambapo ungeweza kuwapofusha.

Nianze kwa kujitambulisha. Mimi ni mtunza ghala mstaafu. Kazi hii niliianza mwaka 1979, wakati mali yote iliandikwa kwa mkono katika leja na kadi ya ghala, na siku za kuhesabu mali tulikuwa tukikesha ghalani kwa mwanga wa karabai umeme unapokatika. Sikuwahi kuota kwamba siku moja katoni mia moja zingehesabiwa kwa kumulikwa tu. Nilipostaafu, mwenye duka moja kubwa la mjini kwetu aliniomba nimsaidie kuangalia stoo yake. Duka hilo sitalitaja, maana nia yangu si kumchongea mtu. Isitoshe, mkosaji wa kwanza katika habari hii ni mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Palikuwa na keshia mmoja, binti mwenye adabu na mwepesi wa kazi. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Asubuhi moja alinifuata stoo akiwa na skana mkononi.

"Shikamoo mzee. Samahani, naomba unisomee hapa."

Kwenye ubavu wa skana palikuwa na kibandiko kidogo cha njano, chenye maandishi ya Kiingereza madogo kuliko punje ya ulezi. Mimi, kwa kuwa nilijiona ndiye msomi wa duka zima, nilivaa miwani, nikasoma, kisha nikamtafsiria neno kwa neno: "Wanasema ni mionzi ya leza, usiikodolee macho."

Ndugu Mhariri, katika maneno yote hayo binti yule alisikia neno moja tu, mionzi. Kwa wananchi wengi mionzi ni ile ya eksirei, ambapo mama mjamzito huulizwa hali yake kabla ya kupigwa picha. Mionzi ni ile wanayopewa wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mzee, mtoto wangu?"

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kusema sijui, ngoja nikuulizie, nilijibu jibu la mtu mzima asiyependa kuonekana hajui. Nilimwambia, "Ni vizuri kujihadhari, binti yangu."

Wiki haikuisha. Binti aliomba apewe kazi isiyo ya skana, mwenye duka akasema hana kazi nyingine ya kumpa, naye akaacha kazi. Mshahara aliokuwa akiutegemea kwa maandalizi ya kujifungua, na ambao mama yake pia aliutegemea, ukakatika kwa sababu ya neno langu moja lililotafsiriwa bila kuelezwa.

Siku chache baadaye alinitembelea mpwa wangu anayefundisha fizikia katika shule ya sekondari. Nilimsimulia habari hiyo nikitegemea anisifu kwa tahadhari yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, umemfukuzisha mtu kazi kwa ajili ya taa." Tangu siku ile nilianza kusoma habari za chombo hiki, na haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

MWANGA HUU SI EKSIREI

Neno lile la Kiingereza lililo kwenye kibandiko ni neno pana. Linabeba nguvu yoyote inayosafiri kwa mawimbi, iwe ya jua, ya taa, ya redio au ya eksirei. Hata sisi husema mionzi ya jua na mionzi ya hospitali kwa neno lilelile, ingawa vitu hivyo havifanani kwa madhara.

Eksirei ina nguvu ya kupenya nyama na kuvunjavunja chembechembe ndogo kabisa za mwili, ndiyo maana huwekewa masharti makali. Mwanga wa skana hauna nguvu ya namna hiyo. Ni mwanga wa kawaida wenye rangi nyekundu, ambao wataalamu huupima kuwa na urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi. Ukimulika tumbo la mama mjamzito huishia kwenye nguo na ngozi yake. Haumfikii mtoto, hauleti saratani wala haukai kwenye sabuni au mkate uliomulikwa. Mteja anayekataa mkate wake usimulikwe kwa kuhofia sumu anajihangaisha bure.

Sehemu moja tu ya mwili ndiyo inayopaswa kuuangalia mwanga huu kwa hadhari, nayo ni jicho. Ili tuelewe sababu yake, yafaa tujue kwanza chombo hiki kilitoka wapi na kinafanyaje kazi.

Mistari hii ilibuniwa na Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, ambao walipewa hataza yao mwaka 1952. Inasimuliwa kwamba Woodland alipata wazo hilo akichora mistari kwa vidole kwenye mchanga wa pwani ya Miami. Lakini wakati huo hapakuwa na mwanga mzuri wa kuisomea wala kompyuta ndogo za kuifanyia hesabu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei, 1960. Ikabidi ipite miaka mingine 14 hadi tarehe 26 Juni, 1974, ambapo pakiti ya ubani wa kutafuna ilimulikwa katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa msimbopau wa aina tunayoijua leo.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Ndani ya skana ya leza mna kitu kidogo kiitwacho dayodi, ambacho hutoa mwale mwembamba mwekundu. Mwale huo hupiga kwenye kioo kidogo kinachotikisika kushoto na kulia mara nyingi kwa sekunde moja. Kwa sababu ya kasi hiyo, nukta moja ya mwanga huonekana kama mstari mrefu. Mistari myeusi ya pakiti humeza mwanga, sehemu nyeupe huurudisha, na jicho la umeme lililo ndani ya skana husoma kupishana huko. Ndiyo maana pakiti iliyochapwa mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haisomeki, kwa kuwa mbele ya mwanga mwekundu, wekundu na weupe huonekana sawa. Nilipokuwa sijui haya niliwahi kugombana na mleta mali kwa sababu ya katoni za namna hiyo.

Sasa tuje kwenye jicho. Nguvu ya mwanga wa skana ya kawaida haizidi miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Balbu ya wati 5 hula umeme mara 5,000 zaidi ya kiasi hicho. Hata hivyo balbu hutawanya mwanga wake chumba kizima, ilhali leza hukaza mwanga wake wote katika mwale mmoja mwembamba. Mwale huo ukiingia katika mboni, lenzi ya jicho huukusanya tena hadi kuwa nukta ndogo mno juu ya utando wa nyuma ya jicho, ule unaotuwezesha kuona, na ukali wake pale huongezeka hata kufikia mara 100,000. Ni sawa na mtoto anayeunguza karatasi kwa kioo cha kukuzia juani. Ubaya ni kwamba utando huo hauna mishipa ya maumivu. Mtu anaweza kuungua humo asisikie lolote, na kilichoungua hakimei tena kama ngozi ya kidole.

Mwenyezi Mungu ametupa kinga. Mwanga mkali ukimpiga mtu machoni, hufumba au hugeuza uso katika muda wa robo sekunde hivi, bila hata kuamua. Waliopanga kiwango cha miliwati moja walikitegemeza hapo. Kwa mwanga unaoonekana usiozidi miliwati moja, robo sekunde haitoshi kudhuru jicho. Hii ndiyo maana ya lile onyo la usiikodolee macho. Mtu aliyemulikwa kwa bahati mbaya akafumba macho hajapata dhara. Lakini anayejilazimisha kukodoa, kwa utani au kwa ushindani, anaivunja kinga yake mwenyewe.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika jambo hili mwenye macho lazima aambiwe asitazame.

SKANA ILIYOSIFIWA

Kama hadithi yangu ingeishia kwa binti yule, ningemwomba radhi yeye peke yake nisikusumbue wewe, Ndugu Mhariri. Lakini katika duka lilelile, mwaka uleule, lilitokea jambo la pili ambalo ndilo la hatari hasa, na hakuna aliyeliogopa.

Skana moja ya stoo ilianza kuchoka. Ilibidi kuisogeza karibu kabisa na katoni ndipo isome. Mwenye duka hakutaka kununua nyingine, akaipeleka kwa fundi wa redio na simu. Fundi huyo ana mikono ya dhahabu, sisemi uongo. Alitoa dayodi iliyochoka akaweka nyingine aliyoing'oa kwenye tochi ndogo ya leza, zile zinazouzwa barabarani kama vitu vya kuchezea watoto. Ndani ya skana mlikuwa pia na saketi ndogo iliyokuwa "ikisumbua" kwa kuzima taa kila mara, naye akairuka kwa kipande cha waya. Kibandiko cha njano kilikuwa juu ya skrubu, kwa hiyo kilibanduliwa kikatupwa.

Skana ilirudi ikiwa kama mpya. Ilisoma katoni iliyo juu kabisa ya rafu bila mtu kupanda ngazi. Vijana wote wakawa wanaigombania na fundi akasifiwa. Hata mimi nilimsifu.

Baada ya kama wiki tatu, kijana mmoja wa stoo aliona skana haisomi. Badala ya mstari, ilitoa nukta moja tu iliyotulia ukutani. Kijana akafanya kile ambacho sote hukifanya kwa chombo kilichogoma: aliigeuza akachungulia kwenye kidirisha chake ili aone kuna nini ndani, huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe.

Aliruka nyuma kwa bahati yake. Siku nzima alilalamika kwamba kila anapotazama anaona doa katikati. Tulimpeleka hospitali, daktari wa macho akamchunguza, akasema hakuungua. Doa liliondoka kesho yake. Ilikuwa bahati, na bahati si kanuni ya kazi.

Nilimwita mpwa wangu aiangalie ile skana, akanieleza mambo mawili. La kwanza, kioo kile kidogo kilikuwa kimekwama. Kioo kinapotikisika, mwale hupita juu ya jicho kwa kitambo kidogo mno kisha ukaenda zake, lakini kikikwama mwale wote husimama mahali pamoja. Ile saketi iliyoonekana kusumbua ndiyo iliyowekwa ili kuzima leza pindi kioo kinapokwama. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ikifanya kazi yake, ikituambia kwamba kioo kinaanza kufa. La pili, dayodi ile ya tochi ya kuchezea haikuwa na mtu aliyeipima. Huenda ilikuwa ya miliwati moja, huenda ya tano au zaidi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, angalia mambo yalivyogeuka. Skana nzima yenye kibandiko chake ilimtoa binti kazini kwa hofu. Skana iliyochokonolewa, isiyo na kibandiko, tuliigombania.

KANUNI ZIPO

Wenzetu hawakungoja watu waumie. Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti vifaa vya kielektroniki vinavyotoa mionzi mwaka 1968, na tangu Agosti 1976 kila kifaa cha leza kinachouzwa nchini humo hulazimika kutimiza masharti yaliyowekwa na idara yao ya chakula na dawa. Hiyo ni miaka miwili tu baada ya ule ubani wa Ohio. Duniani kwa jumla kuna kiwango cha tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme yenye makao yake Geneva, Uswisi. Kiwango hicho huitwa IEC 60825-1, na toleo lake la tatu ni la mwaka 2014. Tangu mwaka 2019 Marekani nayo imewaruhusu watengenezaji kufuata sehemu kubwa ya toleo hilo, ili wasihangaike na masharti ya aina mbili.

Kanuni hizo huzipanga leza kwa madaraja. Daraja la 1 ni salama katika matumizi yote ya kawaida. Daraja la 2 ni la mwanga unaoonekana usiozidi miliwati moja, ule unaolindwa na kufumba macho. Daraja la 3R, kwa mwanga unaoonekana, hufika miliwati 5. La 3B hufika miliwati 500, nalo hudhuru jicho kabla mtu hajawahi kufumba. La 4 ni zaidi ya hapo, na humo mna leza za kukatia chuma. Skana za mkononi za madukani kwa kawaida ni za daraja la 1 au la 2. Skana za zamani kutoka Marekani huandikwa kwa namba za Kirumi, kwa hiyo anayeona II asidhani ni kitu kingine.

Masharti yenyewe ni ya busara. Kifaa kiwe na kibandiko kinachotaja daraja lake na onyo lake. Kiwe na jina la mtengenezaji na mwezi na mwaka kilipotengenezwa. Kama kinatumia mwale unaozungushwa au kutikiswa, basi kioo kikikwama mwanga usipande kupita daraja lililoandikwa. Kijitabu cha maelekezo kionye kwamba kufanya marekebisho yasiyotajwa humo kwaweza kumweka mtu kwenye mwanga wa hatari. Na kwa kanuni ya Marekani, mwenye biashara ya kubadilisha kifaa cha leza hata kikaacha kuwa kilivyothibitishwa, huhesabiwa kuwa mtengenezaji mpya, naye hudaiwa kukithibitisha upya. Ningependa fundi wetu alisikie hilo.

Wala kibandiko peke yake hakitoshi. Mwaka 2013 taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani ilitoa matokeo ya kupima tochi za leza 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 hivi ya zile nyekundu hazikutimiza kanuni. Hizo ndizo ndugu wa ile dayodi iliyotiwa katika skana yetu. Ikiwa huko kwenye sheria ya miaka mingi hali ni hiyo, tusijidanganye kwamba tochi za barabarani kwetu ni malaika.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mhariri, mimi si mtaalamu, lakini natoa rai zifuatazo.

Kwa vijana wa kaunta na stoo: usimmulike mtu usoni, hasa mtoto aliyebebwa na mama yake kwenye foleni, hata kama anacheka na anaupenda mwanga huo. Usichungulie kidirisha cha skana kwa sababu yoyote. Ukitaka kukifuta vumbi, chomoa waya au zima kwanza. Na kama skana iliyozoea kutoa mstari sasa inatoa nukta iliyotulia, iweke chini, iandikie "mbovu", umwambie mkubwa wako. Zipo skana zilizoundwa kutoa nukta ya kulengea, lakini hizo kijitabu chake kitasema. Ukimulikwa kwa bahati mbaya, fumba macho na ugeuke. Doa likikaa, nenda ukapimwe, usingoje maumivu kwa kuwa hayatakuja.

Kwa akina mama wajawazito: fanyeni kazi yenu kwa amani. Atakayewaambia skana inamdhuru mtoto tumboni amekosea kama nilivyokosea mimi.

Kwa mafundi wetu: tunawaheshimu, na bila ninyi vyombo vingi vingekuwa takataka. Badilisheni waya, badilisheni kitufe, lakini sanduku lenye leza msilifungue, na msitie dayodi ya mahali pengine. Kibandiko kikitoka, kirudisheni. Kubandua kibandiko cha usalama ni kama kung'oa kibao cha hatari kwenye transfoma kwa sababu kilizuia ngazi yako.

Kwa wenye maduka: kabla hamjalipa, geuzeni chombo mtazame kibandiko. Kisicho na daraja, jina la mtengenezaji wala tarehe, kiacheni hata kikiwa rahisi. Siku hizi zipo pia skana zinazosoma kwa kupiga picha, zenye taa ndogo za kawaida badala ya leza, nazo husoma hata ile misimbo ya miraba. Taa zake zina kiwango chake cha usalama, na nyingine zina leza ya kulengea, kwa hiyo hata hizo kibandiko kitazamwe. Tena tukumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu juu ya usalama wa mfanyakazi wake. Kumpa binti chombo bila kumweleza kinavyofanya kazi si kutimiza wajibu. Maelezo ya dakika kumi yangemwokoa keshia wetu.

Kwa wakuu wanaohusika, yaani Shirika la Viwango Tanzania na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi: naomba mambo matatu. Onyo la leza litakiwe kuandikwa kwa Kiswahili pia, kwa maneno ya kueleweka. Mimi ningependekeza hivi: "Mwanga wa leza. Usiutazame moja kwa moja. Hauna madhara kwingine mwilini." Pili, wakaguzi wanapopita madukani kutazama mizani na mitungi ya kuzimia moto, waiulize na skana. Tatu, zile tochi za leza za barabarani zipimwe, maana zinauzwa kwa watoto na humalizikia ndani ya vyombo vya kazi.

NILIMTAFUTA

Nimalizie kwa binti yule. Mwaka 2023 nilimtafuta hadi nikampata. Alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, na alikuwa akikaanga maandazi nje ya nyumba ya mama yake. Nilimweleza yote niliyojifunza, nikamwomba radhi. Nafasi yake dukani ilikuwa imekwishachukuliwa, na ingawa nilimsemea kwa mwenye duka, haikuwezekana arudi.

Hakunitukana. Alinifungia maandazi manne katika karatasi, akakataa fedha yangu, kisha akasema, "Mzee, siku ile ungeniambia hujui, ningemuuliza mwingine."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika barua hii. Sisi wazee tunaosomewa shikamoo kila asubuhi tuna deni. Kijana akitujia na kibandiko mkononi, kama hatujui tuseme hatujui, na kama tunajua tueleze mpaka aelewe, si kutafsiri neno na kumwacha nalo.

Ile skana iliyochokonolewa mwenye duka alikubali iharibiwe. Niliivunja kwa nyundo mwenyewe, mbele ya vijana wote na mbele ya fundi. Mpya iliyonunuliwa ina kibandiko chake, na pembeni yake nimebandika karatasi yenye tafsiri yangu ya Kiswahili, safari hii ikiwa kamili.

Je, wasomaji wenzangu, huko kwenu skana zenu zina vibandiko? Kesho mkifika kazini zigeuzeni mtazame, kisha mtuandikie.

Wako,
Mtunza Ghala Mstaafu,
Morogoro.